Majina Kumi na Tisa

Akiwa hayupo, wanafunzi wa darasa la saba walimwita Mwalimu Unajuaje. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Kila aliposahihisha insha zao, swali hilo ndilo alilolirudia pembeni mwa karatasi kwa wino mwekundu. Unajuaje? Nani amekwambia? Lini? Wangapi? Mtoto akiandika kwamba pamba ya mwaka huu imestawi, humtuma shambani akahesabu vitumba.

"Dai peke yake ni mdomo tu," aliwaambia. "Ukitaka mtu akuamini, mwonyeshe. Ukishamwonyesha, mweleze kwa nini hicho ulichomwonyesha kinathibitisha ulichodai. Hapo mwisho ndipo mnaporuka wengi, na hapo ndipo ninapowakata alama."

Jina lake hasa lilikuwa Mwanamvua, binti wa Shaaban, fundi cherehani wa Nkende pale Tarime mjini. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1975 alihamishiwa shule ya kijiji kipya kilichoitwa Jitihada, upande wa Serengeti, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Nyambureti. Mwaka mmoja nyuma hapakuwa na kijiji pale. Palikuwa na nyasi ndefu na mto mmoja mwembamba. Watu walikaa juu milimani, kila mji na mashamba yake na zizi lake, mpaka operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipopita wakati wa kiangazi. Mapaa yaliezuliwa, ulezi ukamwagwa kutoka maghalani, na malori yakawashusha watu huku bondeni kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Mwanamvua hakuyaona hayo. Alipofika, nyumba zilikuwa zimeshasimama kwa mistari, naye akasema moyoni kwamba zinapendeza.

Mwezi wa tano likaja tangazo. Shule zote za tarafa zilitakiwa kushindana kuandika insha yenye kichwa "Kijiji Chetu Kimetuletea Maendeleo". Insha itakayoshinda ingesomwa siku ya Sabasaba mbele ya wageni, na mwandishi wake angepata alama nzuri kwenye ripoti ya tabia na kazi, ile ripoti mpya iliyohesabiwa pamoja na mtihani katika kuchagua watoto wa kwenda sekondari.

Mwanamvua alijua tangu siku ya kwanza ni nani angeiwakilisha shule. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano aliyeitwa Bhoke, binti wa Mniko, mrefu, mkimya, mwenye mwandiko uliolala upande wa kushoto kama majani yaliyopigwa na upepo. Lakini insha yake ya kwanza ilikuwa maneno matupu: kijiji kimeleta umoja, kijiji kimeondoa unyonge, kijiji kimeleta neema.

"Bhoke, hii ni hotuba," Mwanamvua alimwambia huku akifuta ubao. "Hotuba tumezisikia. Hujaniambia kitu hata kimoja ulichokiona kwa macho yako. Nenda kijijini kwenu ukatafute."

"Nikikuta siyo maendeleo, mwalimu?"

"Utaandika ulichokikuta."

Alilisema hilo bila hata kugeuka.

Bhoke alikaa wiki tatu. Jioni alionekana akipita nyumba hadi nyumba na daftari lake, akisimama mlangoni kwa adabu, akiamkia shikamoo, akiuliza. Watu walimjibu. Alikuwa mtoto wao, na ni kwa ajili ya shule. Mwanzoni mwa mwezi wa sita akaweka mezani kwa mwalimu wake kurasa sita.

Insha ilianza kwa haki. Ilisema shule sasa iko karibu. Zamani wasichana wanne tu kutoka mlima wao walisoma darasa la kwanza, na mwaka huu walikuwa thelathini na mmoja, kwa mujibu wa rejista ya mwalimu mkuu. Mwanamvua alitabasamu akaweka alama ya vema. Ukurasa wa pili ulisema zahanati ina kuta lakini haina paa wala mganga. Alama ya vema tena. Ukurasa wa tatu ulianza na sentensi moja iliyosimama peke yake: *Maji ya mto wa Jitihada yanaua watoto.*

Chini yake yalifuata majina. Yalitoka kwa Simioni Heche, katekista mzee aliyeongoza sala kwenye mazishi yote ya kijiji, awe marehemu Mkristo au asiwe, na aliyekuwa na daftari la kumbukumbu. Tangu mwezi wa pili hadi wa tano alikuwa amezika watoto kumi na tisa wa chini ya miaka mitano, wote kwa kuharisha. Bhoke aliyaandika majina kumi na tisa, kila moja na tarehe yake na namba ya nyumba. La kumi na moja lilikuwa Nyangwine Mniko, umri mwaka mmoja na miezi miwili.

Mwanamvua aliusoma mstari huo, akaurudia. Bhoke hakuongeza neno lolote pale, wala hakuandika kwamba huyo ni mdogo wake. Mwanamvua akaikumbuka tarehe ile. Ilikuwa mwezi wa tatu. Bhoke alikosa shule siku mbili bila ruhusa, na aliporudi, mwalimu wake alimpa adhabu ya kufagia uwanja. Alifagia bila kusema kitu.

Kurasa za mwisho ndizo zilizomfanya Mwanamvua asimame kutoka kwenye kiti. Bhoke alikuwa amewaza kwamba msomaji anaweza kubisha. Anaweza kusema watoto walikufa kwa surua, au kwa njaa. Kwa hiyo alitafuta watu wasiokunywa maji ya mto. Akawapata. Nyumba saba za mstari wa juu zilikuwa zikiteka maji kwenye chemchemi ya zamani, kule mahameni walikohamishwa. Kurudi mahameni kulikatazwa kabisa, kwa hiyo akina mama walikwenda kama wanaotafuta kuni, wakarudi na vibuyu vya maji katikati ya mizigo. Katika nyumba hizo saba mlikuwa na watoto wadogo ishirini na wawili. Hakuna hata mmoja aliyezikwa. *Wanakula kama sisi, wanalala kama sisi, mbu wao ni wetu,* aliandika Bhoke. *Kilicho tofauti ni maji.* Kisha akaorodhesha majina ya wenye nyumba saba.

*Sisemi turudi milimani,* ndivyo ilivyomalizika. *Kuishi pamoja ni kuzuri. Lakini tuliletwa sisi kabla ya maji. Tunaomba kisima.*

Mwalimu mkuu, Athanas, mtu mzima mwenye familia kubwa, aliisoma akiwa amesimama dirishani. Alipomaliza aliikunja.

"Usiipeleke, dada."

"Kuna kosa gani, mwalimu mkuu?"

"Sijaona kosa. Hapa hakuna neno la uongo."

"Sasa?"

"Sasa hapa kuna majina ya watu."

Mwanamvua alirudi darasani akamwita Bhoke, akamuuliza kama majina hayawezi kuondolewa, ibaki hesabu tu. Bhoke alimtazama kama mtu aliyepotezwa njia.

"Mwalimu, ulisema habari isiyo na mwenyewe ni uvumi. Nikiyatoa, wataniuliza najuaje."

Mwanamvua alicheka. Baadaye, kila alipokumbuka, kicheko hicho ndicho kilichomuuma kuliko mengine. Angeweza kusema hapana. Alikuwa mwalimu, neno lake lingetosha. Lakini insha ile ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kusoma kwa mwanafunzi, kuliko alichokiandika mwenyewe chuoni, na alitaka watu wa wilayani waione. Alitaka wajue kuna mtu huku bondeni anafundisha. Akaitia kwenye bahasha, akaandika anwani, akampa dereva wa lori la pamba.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na sita, likiwa ndani ya Landrova.

Ofisa aliyeshuka alikuwa mwembamba, wa miwani, mwenye sauti ya chini. Hakutaja jina. Aliomba wakae ofisini kwa Athanas yeye, mwalimu wa Kiswahili na mwanafunzi. Bhoke aliamkia akasimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Kaa, mwanangu," ofisa alisema. "Hii umeiandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Mwalimu hakukuongezea?"

"Aliniongezea nukta mbili na mkato mmoja."

Ofisa alitabasamu. "Nami nilikuwa mwalimu, miaka sita. Sijapata kuona mtoto anayejenga hoja hivi." Alizifungua kurasa juu ya meza. "Lakini nikubishie kidogo. Umethibitisha kwamba watoto wamekufa. Hujathibitisha kwamba ni maji. Ingeweza kuwa surua."

Uso wa Bhoke ulichangamka. Mwanamvua aliuona ukichangamka na hakuwahi kuusahau.

"Ndiyo maana nikaziweka zile nyumba saba, mzee. Surua isingeuliza mtu anateka maji wapi."

"Na hizo nyumba saba, una hakika? Au umeambiwa tu?"

"Nimekwenda nao. Mara tatu. Chemchemi iko chini ya mwamba, ukipita zizi la zamani la Mzee Kisyeri."

"Umeniweza," ofisa alisema, na akacheka kicheko cha kweli cha mtu aliyefurahi. Akatoa kalamu.

Hapo ndipo Mwanamvua, aliyekaa upande wa pili wa meza, alipozitazama kurasa zile vizuri. Zilikuwa zimepigiwa mistari. Madai hayakuguswa, wala ile sentensi ya maji yanayoua. Mistari ilikuwa chini ya jina la Simioni Heche, na chini ya majina ya wenye nyumba saba. Sasa kalamu ilikuwa inaandika pembeni, kwa mwandiko mdogo: *chini ya mwamba, zizi la Kisyeri.*

"Mzee," Mwanamvua alisema, "huyu ni mtoto. Kama kuna kosa, mimi ndiye niliyemfundisha."

"Hilo linaonekana," ofisa alijibu, akafunika kalamu yake.

Alasiri hiyo walimchukua Simioni Heche kutoka kwenye shamba lake la muhogo, jembe likabaki limesimama kwenye tuta. Walichukua na daftari lake. Kesho yake mgambo kumi na wawili walipanda mlimani. Walijaza mawe kwenye chemchemi, wakazungushia miiba, wakaacha walinzi wawili. Wenye nyumba saba waliitwa mbele ya mkutano wa kijiji, wakasomewa majina yao kwa mpangilio ule ule wa insha, wakapewa kazi ya adhabu katika shamba la pamoja mpaka mwisho wa mavuno. Kuhusu maji, waliambiwa mto unatosha kila mtu.

Wiki iliyofuata Athanas alileta agizo. Bhoke aandike insha nyingine, aisome Sabasaba. La sivyo asifanye mtihani.

Mwanafunzi na mwalimu walikaa darasani peke yao, karatasi nyeupe katikati yao. Nje watoto wadogo walikuwa wakifanya mazoezi ya gwaride.

"Dai ni lipi, mwalimu?" Bhoke aliuliza.

"Kwamba maji ya mto ni salama."

Bhoke aliandika. Akapiga nukta. Akangoja, kalamu juu ya mstari unaofuata.

"Na hapa?"

Mwanamvua alitazama nje, kwenye gwaride.

"Mwalimu, hapa niweke nini?"

"Andika dai lingine."

Wakaendelea hivyo mpaka ukurasa ukajaa.

Siku ya Sabasaba wageni waliketi kwenye kivuli cha turubai, wanakijiji juani. Bhoke alivaa sare iliyopigwa pasi na mama yake. Alisoma bila kukwama, sauti moja, kama mtu anayesoma tangazo la watu asiowajua. Alisoma kwamba zile habari za kwanza zilikuwa za uongo alizodanganywa na mzee mmoja mpinga maendeleo. Alisoma kwamba hakuna mtoto wa Jitihada aliyekufa kwa maji. Mama yake alikuwa safu ya pili, mtoto hayupo mgongoni. Hakulia, wala hakutazama pembeni. Wageni walipiga makofi. Akina mama wengine waliopoteza watoto walikaa mikono yao mapajani, halafu kiongozi wa ngoma akapuliza filimbi na ngoma ikaanza.

Mwisho wa mwezi ule akafa mtoto wa Agustina, mwenye nyumba ya tatu katika zile saba. Msichana wa miaka miwili. Aliharisha siku tatu.

Mwanamvua alikwenda msibani. Alikaa chini na wanawake wengine, na hakuna aliyesogea kumpisha wala kumzuia. Hapakuwa na katekista wa kuongoza sala; kijana mmoja alisoma alichokikumbuka. Watu walipopungua, Agustina alimwendea.

"Wewe ndiye mwalimu wa insha?"

"Ndiye mimi, mama. Pole sana."

"Bhoke alikuja hapa akaniuliza nateka maji wapi." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Alikuwa amechoka tu. "Hata mgeni wa mume wangu simwambii ninakopita. Yule nilimwambia. Nikasema ni mtoto wa shule, anaandika, labda itatusaidia."

Mwanamvua alitaka kusema kwamba insha ilikuwa ya kweli. Alitaka kusema kwamba kosa ni la walioziba chemchemi, na hilo nalo lilikuwa kweli, na angeweza kulithibitisha hatua kwa hatua mpaka asibaki mtu wa kubisha. Lakini mbele yake alisimama mwanamke ambaye jina lake lilifika wilayani kwa mkono wa Mwanamvua, ndani ya bahasha aliyoilamba mwenyewe.

"Nilikosea," alisema.

Agustina aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu kidogo lakini asikikatae, akarudi ndani.

Simioni Heche alirudishwa baada ya wiki sita. Mwanamvua hakujua walimfanya nini huko, kwa kuwa mzee hakusema na hakuna aliyekuwapo. Alichokiona ni kwamba vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena, na kwamba alipotembelewa na Bhoke alimkaribisha, akampa kiti, akamuuliza habari za masomo, lakini hakulitaja daftari. Mazishi aliendelea kuongoza. Alipoulizwa watoto waliozikwa wamefika wangapi, alisema hajui.

Mwezi wa nane Mwanamvua aliandika barua kwenda ngazi za juu, akiruka wilaya. Iliharibika mara nne kabla haijakaa sawa. Kila alipoandika jina la mtu, alilifuta. Mwishowe ilibaki barua fupi yenye shahidi mmoja. *Mimi, Mwanamvua Shaaban, mwalimu, nimeona mto ambamo ng'ombe hunywa na watu huteka mahali pamoja. Nimehudhuria mazishi ya watoto wanne tangu Sabasaba. Nimeona chemchemi safi ikiwa imezibwa kwa mawe.* Alijua kwamba, kama hoja, ilikuwa dhaifu. Mtu mmoja, macho mawili, mazishi manne. Akaweka sahihi, akasafiri mpaka Mugumu kuipeleka posta mwenyewe.

Jibu la barua hiyo halikuja. Uhamisho ulikuja. Alitakiwa aripoti shule nyingine upande wa Tarime, karibu na Nyakunguru, kabla ya tarehe kumi na tano mwezi wa tisa. Alipokwenda kukabidhi vitabu, Athanas alimwonyesha ripoti ya Bhoke. Mahali pa tabia palijazwa tayari, si kwa mwandiko wa Athanas: *Hafai.* Mtihani ulikuwa bado haujafanyika.

"Nami nilitakiwa kutia sahihi," Athanas alisema. "Nikatia. Nina watoto saba, dada."

Siku ya kuondoka, lori likiwa bado linapakia pamba, Mwanamvua alikwenda nyumbani kwa Mniko akiwa na nakala ya barua yake mfukoni. Alimkuta Bhoke anajitwisha ndoo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kuaga." Akaitoa nakala. "Nimeandika hii. Nilitaka uisome."

Bhoke aliitazama karatasi ile mkononi mwa mwalimu wake. Hakuipokea. Hakuonekana kuwa na hasira.

"Nina maji ya kuteka," alisema. "Wakishafika ng'ombe wa mstari wa chini, itabidi ningoje sana."

"Mtihani utafanya?"

"Nitafanya. Baba amesema nifanye tu, nimalize." Akaiweka sawa ndoo kichwani. "Kuna watu wamekuja kwa baba. Wamekuja mara mbili."

Mwanamvua alielewa ni watu wa namna gani: wa kuja kuposa. Alirudisha karatasi mfukoni, akainama akachukua dumu lililokuwa ukutani, na Bhoke hakumkataza. Waliteremka pamoja. Kule barabarani dereva wa lori alipiga honi mara moja, kisha mara ya pili.

Ng'ombe walikuwa wameshatangulia. Walisimama katikati ya mto wakiwa wamezama hadi matumboni, wakinywa taratibu, maji yakiwa ya rangi ya ugali wa mtama. Wanawake watatu walikuwa ukingoni wakisubiri, na Agustina alikuwa mmoja wao. Aliwasogezea nafasi. Bhoke akatua ndoo yake, wakakaa kungoja ng'ombe watoke.